Maksai Anapatikana Kakuma

Kakuma Moja, 31 Machi 2025

Kwa Dada Atabo Ekai, wa kipindi cha Kionjo,

Ejok, dada. Hilo la salamu ndilo neno pekee la Kiturkana ninaloweza kulitamka sokoni bila kuchekwa, kwa hiyo nimelitoa kwanza. Yanayofuata ni Kiswahili.

Mimi ni Awoi, binti wa Mabil. Sisi ni Wadinka wa upande wa Bor, ila mimi nimezaliwa hapahapa kambini kwa wakimbizi na ndipo ninapofundisha, darasa la tatu. Kila Jumamosi jioni nasikiliza matangazo yenu ya misiba, kisha ya mifugo iliyopotea, kisha kipindi chako. Napenda unavyouliza mambo matatu tu kuhusu kila wimbo, kitabu, filamu au picha: ni nini, uzuri wake nini, kinapatikana wapi. Lakini nina lalamiko. Vitu vyako vyote vinapatikana Lodwar au Nairobi. Ina maana sisi huku hatuonji chochote? Nakuletea vya kwetu.

Kitabu kwanza. Ni riwaya ya mjane mwenye hoteli ya njia panda, na mgeni anayekuja kila mwezi asiseme jina lake. Haina jalada wala kurasa za mwisho, kwa hiyo simjui aliyeiandika. Wanawake wa bloki yetu tumeisoma kwa zamu na kila mmoja ametunga mwisho wake. Jirani yangu Nyaboth amemwoza mjane kwa yule mgeni. Mimi nimemfukuza mgeni. Kinapatikana kwa Nyaboth, ukibisha hodi kabla hajaanza kupika.

Picha. Kijana mmoja hapa, Kon, ana kibanda cha kunyolea, na ukuta wake wa nje ameuchora vichwa vya wanaume wa mitindo yote. Ana mkono mzuri sana, ila kila kichwa amekipa sura yake mwenyewe. Nenda ukaone, utacheka wiki nzima.

Sasa wimbo, ambao ndio ulionifanya nishike kalamu. Kwetu kijana akipewa maksai wake wa ujana humtungia wimbo, na wimbo huo hauimbwi na mtu mwingine. Tangu siku hiyo wenzake humwita kwa jina la yule maksai. Wa baba anaitwa Marial. Basi baba naye ni Marial, au alikuwa, maana sijawahi kumsikia mtu akimwita hivyo. Wa rika lake wametawanyika au wamekufa. Vijana wa hapa, Kon akiwa mbele yao, humuuliza kwa mzaha, "Mzee, ng'ombe iko wapi?" Akaacha kuimba. Siku hizi huimba tu mvua kubwa inapopiga mabati, akidhani hasikiki. Wiki jana mvua ilinyesha, na mimi nilikuwa nyuma ya pazia nimeshika simu.

Nilimsikilizisha, nikamwambia nataka kuuleta kwenu redioni, nikitegemea akasirike. Alisikiliza hadi mwisho akasema, "Kama wanataka kuisikia, waambie rangi vizuri." Kisha akanisimamia nikiandika, kama mimi ninavyowasimamia watoto. Mweusi tii. Doa jeupe ubavu wa kulia, kubwa, limetawanyika ukingoni kama maziwa yaliyomwagika. Pembe ya kulia imepanda juu, ya kushoto imejikunja kurudi nyuma. Sikio la kushoto lina pengo. Kwenye ncha za pembe kuna vishada.

Wimbo umo kwenye flashi niliyoigundisha ndani ya bahasha. Dereva Ekaale, yule wa Probox ya Lodwar, amekubali kubeba. Usijaribu kupiga simu. Laini yangu ilifungwa kwa mambo ya usajili, na simu imebaki ya kurekodi tu.

Wako msikilizaji,
Awoi Mabil


Lodwar, 7 Aprili 2025

Mdogo wangu Awoi,

Ejok-noi! Umenigombeza vizuri na nimekubali kosa. Ila nami nikugombeze: hicho kitabu chenu. Wewe unapendekeza kitabu kisicho na mwanzo wala mwisho, halafu unamfukuza mgeni wa watu? Mimi niko upande wa Nyaboth. Mwanamke ameendesha hoteli peke yake miaka yote hiyo, mwacheni apate mtu wa kumshikia sufuria.

Nilipiga wimbo wa baba juzi Jumamosi. Dada, ile mvua! Fundi mitambo alitaka kuiondoa kwa kompyuta nikamwambia akiigusa tutakosana. Mzee anaanza chini, mvua inamfunika, halafu anapanda juu ya mvua na kubaki huko. Nilisahau kuwasha maiki baada ya wimbo kuisha. Studio ilikaa kimya na Lodwar yote ikasikia kimya chetu.

Rangi niliisoma kama ulivyoandika, sikuongeza kitu. Kisha nikamalizia kama ninavyomalizia kila pendekezo: anapatikana Kakuma Moja, kwa Mzee Mabil, nyuma ya kanisa la mabati, nendeni mkamwone. Mwambie baba nitakuja siku moja nimwone huyo maksai kwa macho yangu.

Nikupe siri ya ofisini. Meneja wangu anasema hakuna ushahidi kwamba binadamu yeyote amewahi kuinuka kwenye kiti kwa sababu ya pendekezo langu. Saa yangu anataka awape watu wa kubashiri mpira. Kwa hiyo ukimwona mtu yeyote ameinuka, niandikie mbio. Na filamu je? Huko hamtazami filamu?

Dada yako,
Atabo


Kakuma Moja, 14 Aprili 2025

Dada Atabo,

Filamu tunatazama, kwa yule Mhabeshi mwenye ukumbi wa video. Iliyopita ilikuwa ya mwanamke hakimu anayemsaka aliyemuua kaka yake. Jenereta ilizimika akiwa ameshika kitasa cha mlango wa muuaji. Kwetu filamu huishia pale petroli inapoishia. Ndiyo, najua utasema, Kakuma hamna kitu chenye mwisho.

Nilichotaka kukuambia hasa ni kingine, na sikifurahii.

Baba alisikia wimbo wake redioni. Aliketi wima, mikono magotini, na uliposema "nendeni mkamwone" alitabasamu, jambo ambalo silioni mara nyingi. Kesho yake asubuhi walikuja Kon na wenzake wakasimama langoni. "Mzee, redio imesema anapatikana hapa. Mtoe basi tumwone." Mmoja alileta majani. Baba alitazama yale majani, akaingia ndani, na tangu siku hiyo hajatoka isipokuwa kwenda chooni.

Dada, hapa hakuna maksai. Kambini hatufugi ng'ombe, na yule Marial, kama alikuwapo, alibaki ng'ambo vita vilipoingia, miaka kabla mimi sijazaliwa. Nilikuandikia kama yuko kwa sababu baba humsema kama yuko. Hajawahi kumwita marehemu.

Na umeona nimeandika "kama alikuwapo". Mama alikutana na baba hapa kambini, hakumwona. Hakuna mtu aliye hai ninayemjua ambaye alimwona. Wazee wengi hapa walikuwa matajiri huko nyuma, ukiwauliza wao. Ninampenda baba yangu, lakini nimekua nikisikia "ng'ombe iko wapi" na sina jibu. Ninachotaka ni mtu mmoja tu amwamini kabla hajafa, na ninaona aibu kwamba mtu huyo si mimi.

Tafadhali usiseme tena redioni kwamba anapatikana hapa.

Awoi


Lodwar, 14 Aprili 2025

Awoi, mdogo wangu, keti kitako.

Ameinuka mtu! Leo asubuhi ameingia ofisini kwetu mzee mmoja, Ereng, mtu wa upande wa Kapedo, siku hizi anakaa kwa binti yake hapa mjini. Shuka begani, fimbo, ekicholong chake mkononi, kile kigoda cha wazee cha kukalia na kulazia kichwa. Kanyooka kama mlingoti. Amesikia wimbo wa baba, na anataka kwenda Kakuma kumwona maksai.

Nilikaribia kumkumbatia. Na si msikilizaji hivihivi, huyu ni mtu wa sanaa. Aliniuliza mambo ambayo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza kuhusu pendekezo. Doa liko ubavu upi. Pembe iliyojikunja ni ya mkono gani. Pengo la sikio limekatwa na kisu au limechanika. Nikamwambia, "Mzee, wewe ni mhakiki." Akasema, "Mimi ni Ereng."

Nilimpeleka moja kwa moja kwa meneja, nikamwambia ushahidi wako huu hapa, una fimbo na ndala. Meneja akamuuliza kama kweli atasafiri mpaka Kakuma kwa sababu ya kipindi. Mzee akasema, "Hata kesho." Kisha nikapiga naye picha. Hakucheka, lakini wazee wetu hawacheki kwenye picha. Begani amevaa kamba mpya ya katani imesukwa vizuri, nadhani ni pambo la watu wa Kapedo.

Ekaale atamleta kesho, hataki nauli, nimlipe kwa salamu hewani tu. Mpokeeni vizuri. Mwambie baba amepata mpenzi wa kwanza wa wimbo wake.

Atabo, ambaye bado ana kazi


Lodwar, 16 Aprili 2025

Awoi,

Ekaale amerudi na barua yako. Nimeisoma nikakaa chini sakafuni.

Nimekwenda kwa binti yake Ereng. Anasema maksai wa baba yake alichukuliwa na wezi wa mifugo mwaka jana, mweusi, doa jeupe ubavuni, pembe moja imejikunja. Tangu hapo mzee hukaa karibu na redio kila Jumamosi kusikiliza matangazo ya mifugo, kisha binti huizima. Jumamosi ile ya wimbo alichelewa kuizima. Mzee akasikia rangi, akasikia pembe, akasikia jina la mtu na mahali. Hakusikia kipindi cha muziki, alisikia tangazo. Na mimi ndiye niliyelisoma, kwa sauti yangu nzuri.

Ile kamba si pambo. Nimemtumia baba yako mtu wa kumshtaki, tena nimemlipia nauli kwa salamu.

Namba yako haipo, na Ekaale anasema alimshusha Ereng kwa mwenyekiti wa bloki akaondoka. Natuma hii kwa lori la vitunguu linalokwenda Lokichoggio. Wakiniambia kuna mtu ameumia sijui nitafanya nini. Nijibu hata neno moja.

Atabo


Kakuma Moja, 22 Aprili 2025

Dada Atabo,

Hakuna aliyeumia. Inuka sakafuni.

Siku ile Ekaale alifika mchana, nikampa barua yangu naye akanipa yako, nikaisoma nimesimama palepale. Nilipofika penye kamba nilielewa. Sijawahi kumiliki hata ndama, lakini nimelelewa na watu wa ng'ombe. Nikakimbia.

Nilikuta shauri limeshafika kwa Mama Achan, mwenyekiti wetu wa bloki: maksai wa mtu wa Turkana ameonekana kwa mkimbizi Mabil, redio imesema. Unajua maneno ya namna hiyo yanavyoweza kuwasha moto hapa. Mama Achan alichagua shauri lisikizwe kibandani kwa Kon, kwa sababu ndipo penye kivuli na mabenchi, na kufumba na kufumbua bloki yote ilikuwa pale. Niliogopa ugomvi. Chini ya woga huo kulikuwa na mwingine: kwamba baba ataulizwa mbele ya watu wote, na atakosa la kusema.

Walimtuma mtu kumwita. Walimwambia anashtakiwa kuficha ng'ombe. Dada, baba yangu alivaa koti lake la kanisani. Alipita katikati ya watu kama anakwenda kuoa.

Kon akacheka. "Mzee," akamwambia Ereng, "umepoteza safari. Huyu hana ng'ombe. Hajawahi kuwa nayo. Ni ya wimbo tu."

"Nyamaza," Ereng akasema. "Naongea na mwenyewe." Akakaa juu ya kigoda chake. "Ng'ombe iko kwako?"

"Iko kwangu," baba akasema.

Watu wakaguna. Mama Achan akamwonya, "Mzee Mabil, chunga mdomo. Hii maneno inaweza fika polisi."

"Iko kwangu," baba akarudia. "Wacha aulize."

Ereng alikuja kumnasa mwizi, na maswali yake yalikuwa ya kumnasa mwizi. Hakuuliza rangi, rangi ameisikia redioni.

"Ikifika kwa maji, inafanya nini?"

"Haikunywi na wengine. Inangoja maji itulie. Hata ikiwa na kiu namna gani."

"Inalala upande gani?"

"Upande ya doa. Inaficha nyeupe. Asubuhi nyeupe iko na matope, na mimi nafuta na jivu, na inajua, inasimama yenyewe."

"Kengele yake?"

Baba hakueleza. Aliitoa ile sauti kwa ulimi, kavu, mara ndefu mara fupi, kama kitu kinachotembea polepole na kusimama. Nilikuwa nimeisikia sauti hiyo maisha yangu yote. Huifanya akiwa anafikiri. Nilidhani ni tabia tu ya mzee.

"Inaogopa nini?"

"Mwavuli."

Watu wakacheka, Ereng hakucheka. Akasogeza kigoda mbele. "Nani ilikata sikio?"

"Si mtu. Fisi. Ilikuwa bado ndogo, kabla baba yangu hajanipa."

"Ukiimba?"

"Nikiimba inaacha kula," baba akasema. "Majani inabaki kwa mdomo. Wimbo ikiisha, inatafuna tena."

Ereng alimtazama muda mrefu. Nilijua anatafuta swali jingine, nikajua pia hana.

"Sasa iko wapi?" akauliza, kwa sauti tofauti.

"Ilikufa." Dada, sijawahi kumsikia akilisema. "Vita iliingia kwa kambi ya ng'ombe asubuhi. Ilipigwa hapa." Akajigusa shingo. "Watu wengine walikuwa na njaa, waliniita nije tukule. Mimi nikaenda mbali. Sikuikula."

Ereng aliivua ile kamba begani, akaiweka mapajani, akaanza kuizungusha vidoleni. Kisha akasimama akawageukia watu, na nitakuandikia alivyosema neno kwa neno.

"Hii si ng'ombe yangu. Yangu pembe ilijikunja mbele, hii ya huyu inarudi nyuma. Hata redio ilisema hivyo, moyo yangu ikakataa kusikia. Mimi nilikuja kukamata mwizi. Mwizi anajua rangi. Mwizi hawezi jua ng'ombe inaogopa mwavuli. Nani hapa alisema huyu mzee hakuwa na ng'ombe?"

Kon alikuwa anaikagua mashine yake ya kunyolea kama ndiyo kwanza aione.

"Iliitwa nani?" Ereng akamuuliza baba.

"Marial."

Ereng akanyoosha mkono. "Ejok, Marial," akasema.

Baba aliushika ule mkono asiuachie. Hakulia. Niliyelia ni mimi, mbele ya wanafunzi wangu wa darasa la tatu, kwa furaha na kwa aibu, kwa sababu mgeni aliyekuja na kamba kumfunga baba yangu alimwamini kabla yangu. Nilikwenda nikasimama karibu naye, nikaita kwa sauti ya kusikika mpaka bombani, "Marial!" Mama Achan akaitikia kwa vigelegele, na wengine wakafuata.

Kisha akaimba. Hakukuwa na wingu hata moja. Aliinua mikono, wa kulia juu, wa kushoto ameukunja nyuma ya kichwa, ndizo pembe. Na Ereng, hakuambiwa na mtu, akainua yake, wa kushoto ameukunja mbele, na wazee wawili wasio na ng'ombe hata mmoja wakakanyaga vumbi la Kon mpaka vioo vya ukutani vikatikisika. Ukipita pale sasa utakuta kimoja kimepata ufa.

Ereng alilala kwetu. Walizungumza ng'ombe kwa Kiswahili ambacho mwanafunzi akikiandika ningempa sifuri, na kila mmoja alimwelewa mwenziwe. Asubuhi alimwachia baba ile kamba.

Hiyo ndiyo filamu yangu ya wiki hii, dada, na jenereta haikuzimika.

Awoi


Lodwar, 28 Aprili 2025

Awoi,

Nimesoma barua yako hewani, yote, mpaka kengele. Nilijaribu kuifanya kwa ulimi nikashindwa, nikaomba radhi kwa wasikilizaji. Simu ziliingia hadi taarifa ya habari ikachelewa. Wazee wamepiga simu kutoka kila upande, na hakuna hata mmoja aliyeuliza habari za mpira. Kila mmoja alitaka kunieleza maksai wake aliogopa nini. Mmoja aliogopa nguo nyekundu. Mmoja aliogopa mama mkwe wa mwenyewe.

Meneja ameniongezea nusu saa. Hakusema pole wala hongera, alisema, "Basi," na kwangu inatosha.

Ereng amerudi. Alikuja ofisini, safari hii bila kamba, akakaa kwenye kiti changu akasema naye anataka kuimba. Aliimba bila mvua na bila kuombwa mara mbili, na ni wimbo mkubwa, nitaupiga Jumamosi. Lakini ameweka sharti. Mwezi ujao kuna tamasha la utamaduni hapa Lodwar, na hapandi jukwaani mpaka Marial apande naye. Waandaaji wamekubali, na barua ya ruhusa ya kutoka kambini wameahidi kuifuatilia wao.

Mwambie mzee alete koti lake la kanisani. Na mwambie Kon, mimi nina swali kwake: ule ukuta wake una nafasi?

Dada yako,
Atabo


Kakuma Moja, 2 Juni 2025

Atabo, binti yangu,

Anayeandika ni Awoi, anayesema ni mimi. Amesema atanyoosha Kiswahili changu kidogo. Nimemruhusu, asiguse rangi tu.

Wewe ulikuwapo Lodwar, uliona, lakini ulikuwa chini ya jukwaa na mimi nilikuwa juu, kwa hiyo nikuambie nilichokiona. Niliogopa. Watu walikuwa wengi kuliko ng'ombe wa kambi yetu ya zamani, na sikumjua mtu. Nilianza chini kama ninavyoanza kwenye mvua. Ereng akanipiga kiwiko akasema, "Hakuna mabati hapa, Marial." Nikapandisha. Nilipoinua mikono niliona mkono wa mzee mmoja mbali kule nyuma ukiinuka, umejikunja. Halafu mwingine. Halafu uwanja wote ukawa pembe, kila mtu za ng'ombe wake, nyingine zimekaa juu, nyingine mbele, nyingine pembeni. Waturkana wale. Hawakujua neno hata moja la wimbo wangu. Waliponiita jina langu, nikamshika Ereng, naye alikuwa ananishika mimi.

Tangu nirudi, vijana hapa hawaniulizi tena ng'ombe iko wapi. Wanakuja kuniimbia wimbo wangu langoni, nawafukuza. Huo ni wangu. Nimewaambia waniletee rangi zao niwafundishe kutunga. Wengi hawana ng'ombe, na mimi sina. Kon alikuja wa kwanza. Alisema maneno ya kuomba msamaha ambayo sitayarudia, kisha akauliza kama anaweza kumchora.

Sasa mimi nina pendekezo la kipindi chako.

Ni nini. Ni picha ya maksai, kwenye ukuta wa Kon, pale palipokuwa na vichwa. Kon amevifuta kwa rangi vichwa vyote, akaacha kimoja, kile anachosema ndicho chake.

Uzuri wake. Doa alikosea mara mbili, nikamfanya afute. Pembe alipata mara ya kwanza. Jicho sikumwambia, alilitoa mwenyewe, na ndilo hasa. Nyaboth alipita na mwavuli, nikamwomba auteremshe. Ereng alikuja Ijumaa, akaweka kigoda chake mbele ya ukuta, akatazama mpaka chai ikapoa. Akasema anamtafutia Kon ukuta Lodwar, kwa ajili ya wa kwake.

Anapatikana wapi. Binti yangu, wewe ulisema redioni: Kakuma Moja, kwa Mabil, nyuma ya kanisa la mabati, nendeni mkamwone. Awoi alikuandikia usiseme tena. Sema tena. Watu waje, nitawapeleka kwa Kon. Kon amepiga msumari kando ya picha, na kamba ya Ereng imening'inia hapo. Hatujamfunga.

Mimi,
Marial

Kwa mkono wa Awoi, binti wa Marial